MWAMBA ULE ULE, AMRI NYINGINE

Neno kwa kila aliyepewa watu wa kuongoza, kanisani na kazini

Masomo: Kutoka 17:1-7; Kutoka 18:13-27; Hesabu 20:1-13

 

Neno la leo tunalielekeza kwa waongozi. Usifunge gazeti hili ukisema, "Mimi si mchungaji, hilo halinihusu." Dirikta wa shule ni mwongozi. Kapita wa shamba la kahawa ni mwongozi. Mama anayeshika sanduku la likilimba ni mwongozi, na mganga mkubwa wa senta ya afya vilevile. Baba na mama wa nyumba ni waongozi. Kila mmoja alipewa kazi siku moja, akajifunza namna ya kuifanya, na sasa anaifanya kwa namna ile aliyojifunza. Swali letu ni hili: namna uliyojifunza siku ya kwanza, je, itakufikisha siku ya mwisho?

MUSA NA MAJI YA MERIBA

Tuangalie kwanza safari ya Musa. Stefano anaipanga vizuri katika Matendo ya Mitume, sura ya 7. Miaka 40 Musa alikuwa Misri, akafundishwa hekima yote ya Wamisri. Miaka 40 mingine alikaa Midiani, akichunga kondoo za baba mkwe wake. Kisha miaka 40 akaongoza taifa zima katika jangwa. Ni mtu mmoja mwenye kazi tatu, na kila kazi ilimdai kuanza kujifunza upya. Mtoto wa nyumba ya mfalme alipaswa kujifunza kulala nje na wanyama. Mchungaji wa kondoo alipaswa kujifunza kusimama mbele ya Farao.

Sasa tusikilize habari za miamba miwili. Katika Kutoka 17 watu wana kiu. Mungu anamwambia Musa apige mwamba kwa fimbo yake. Anapiga, maji yanatoka, watu wanakunywa. Miaka mingi inapita. Katika Hesabu 20 watu wana kiu tena, wananung'unika tena, mwamba uko mbele yao tena. Lakini amri si ile ya kwanza. Mungu anamwambia ashike fimbo, akusanye watu, kisha auambie mwamba utoe maji. Mara hii ni neno tu. Musa anafanya nini? Anainua mkono na kuupiga mwamba mara mbili.

Maandiko yanasema kwamba kosa la Musa na Haruni siku ile lilikuwa kutomwamini Mungu na kutomheshimu mbele ya watu. Nasi tunaona kutoamini kule kulionekana wapi: Musa alitegemea kitu kilichofaulu jana kuliko neno la leo. Mkono wake ulikumbuka njia ya zamani. Tena alikuwa amechoka. Sura ile inaanza na kifo cha Miriamu dada yake, aliyezikwa huko huko Kadeshi. Mtu aliyechoka na mwenye huzuni hurudia anachokijua. Hata sisi tunafanya hivyo.

Angalieni jambo moja hapa, ndugu. Maji yalitoka! Yalitoka mengi, watu na wanyama wao wakanywa. Kama ungekuwepo siku ile, ungesema: "Mzee wetu bado yuko na nguvu, kazi imeendelea vizuri." Lakini kwa ajili ya siku ile Musa hakuingia Kanaani. Ndiyo hatari ya mwongozi mwenye uzoefu. Mara nyingi kosa lake halionekani mapema, kwa sababu maji yanatoka. Sadaka inahesabiwa, ripoti inaandikwa, wanafunzi wanakaa darasani, na yeye anaendelea kupiga mwamba.

SISI PIA TULIPIGA MWAMBA

Hatuandiki haya ili kumhukumu Musa. Tunaandika kwa sababu sisi wenyewe tumepiga mwamba, na jambo lile linatuuma hadi leo.

Sisi mashemasi wa Kalengera tulikuwa na daftari. Ndani yake kulikuwa majina ya waamini wote, na kila Siku ya Bwana tuliandika nani amekuja na nani hakuja. Aliyekosa mara tatu tulimwita mbele ya wazee aeleze sababu. Kijijini daftari lile lilifanya kazi nzuri. Kila nyumba tuliijua. Mtu akiwa mgonjwa, habari zilitufikia kabla hatujafungua daftari, kwa sababu tulipita mbele ya nyumba yake tukienda shambani.

Mwaka wa 2022 vita vilipofika upande wetu wa Rutshuru, tulishika barabara ya Goma pamoja na watu wengi, wengine na godoro kichwani, wengine na chukudu iliyojaa vyombo na watoto. Tukafika Kanyarucinya, chini ya Nyiragongo, tukajenga vibanda vya miti na bashi. Mmoja wetu alikuwa ameweka daftari ndani ya shati. Tulifurahi sana! Tulisema: "Kanisa halikupotea, majina yote yako hapa." Siku ya Bwana ya kwanza tukaanza kuandika waliokuja na waliokosa, kama zamani.

Hatukuona kwamba pale kukosa kulikuwa na maana nyingine. Wamama walikuwa wanaamka usiku kupanga mabido kwenye msitari wa maji. Wengine walikwenda mbali kutafuta kuni. Siku ya kugawa chakula hakuna aliyeweza kuacha msitari, hata ikiwa ni Siku ya Bwana. Sisi tukaandika tu: hayuko, hayuko, hayuko.

Mama mmoja wa kanisa letu alikosa mara tatu. Tukatuma kijana amwite aje kwa wazee. Kijana akatafuta kibanda chake muda mrefu, kwa kuwa hakuna hata shemasi mmoja aliyejua mama yule anakaa wapi. Akamkuta amelala, na mtoto wake mdogo amelala karibu naye, wote wagonjwa. Waliokuwa wanawapa maji ni jirani wa kanisa lingine. Tulikimbia tukamchukua mtoto hadi kwa waganga. Siku ya pili akafariki.

Baada ya kuzika, mama yule alituambia neno moja tu: "Washemasi, kumbe mlikuwa mnanihesabu tu, hamkunijua."

Hatukuwa na jibu. Sheria tulishika, daftari tuliandika bila kosa. Kijijini daftari lilifuata kujuana kwetu. Kambini tulilifanya lichukue nafasi ya kujuana. Amri ilikuwa imebadilika, na mkono wetu ulikuwa bado unapiga.

Jumatatu ile tulikutana na wamama. Wao ndio waliotupa shauri. Walisema: "Gawanyeni vibanda kumi kumi. Kila kumi wawe na mama mmoja wa kuwazungukia kila asubuhi, naye atawaambia ninyi." Tulisikia haya, maana tulikuwa tumesoma Kutoka 18 mara nyingi bila kuona kwamba inatuhusu. Yetro alimkuta Musa amekaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu peke yake, akamwambia kwamba njia hiyo si nzuri, atachoka yeye na watu pia. Akamshauri kuchagua wakubwa wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Yetro hakuwa Mwisraeli, alikuwa kuhani wa Midiani. Lakini Musa alimsikiliza. Siku ile Musa alikubali kufundishwa, na watu wakapona.

Tangu hapo daftari letu likabadilika. Badala ya kuandika "hayuko", tuliandika "ana nini": ana homa, hana bashi, amejifungua, anatafuta mtoto aliyepotea njiani.

MFANO ULIOTOKA KWETU KONGO

Mtu anaweza kusema: "Hayo ni ya kambi. Je, kanisa zima linaweza kubadili namna ya kuongoza bila kupotea?" Jibu liko katika historia ya Papa Simon Kimbangu na nyumba yake.

Papa Simon Kimbangu alikuwa katekista katika Kongo ya Chini, akaenda pia kutafuta kazi Kinshasa kabla ya kurudi kwao. Tarehe 6 Aprili 1921 alianza kazi yake Nkamba mbele ya watu wote, kwa mahubiri na kuponya wagonjwa. Uongozi wake ulikuwa wa wazi, watu wakiacha kazi kwa wakoloni na kumfuata kwa wingi. Haukufika hata miezi sita. Mwezi wa Septemba 1921 alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba baraza la askari huko Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu, likamhukumu kifo na viboko 120. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi, akafa huko kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Mtu aliyezoea makutano akabaki bila mkutano. Kazi yake sasa ilikuwa kuvumilia bila kukana.

Nani aliongoza nje? Mke wake, Mama Marie Mwilu. Fikirini kama angesema: "Mume wangu aliongoza kwa mikutano mikubwa, nami nitafanya hivyo hivyo." Kanisa lingekwisha kwa wiki moja. Yeye aliongoza kimya, chini ya macho ya serikali, watu wakisali kwa siri na habari zikipita kwa mdomo na sikio. Waamini kwa maelfu walihamishwa na jamaa zao kupelekwa mbali, wengine hadi Lowa na Ekafera. Wakoloni walifikiri wanazima moto, kumbe walikuwa wanatawanya makaa. Ndivyo imani ilivyofika mikoa ambayo Papa Simon Kimbangu hakuikanyaga akiwa huru. Mama Mwilu alishika kazi ile hadi kifo chake mwezi wa Aprili 1959.

Kisha ukaja wakati wa tatu, na wakati huo ulidai kalamu. Mwana wao Joseph Diangienda, aliyezaliwa mwaka wa 1918, alikuwa amesoma shule za wakoloni na kufanya kazi ya ukarani katika serikali yao. Wengine wangeona aibu kwa kazi kama hiyo. Lakini kama hekima ya Misri ilivyomsaidia Musa mbele ya Farao, ukarani ule ulimsaidia Diangienda. Alijua namna barua inavyoandikwa, namna sheria inavyosomwa, na mlango gani wa ofisi unapigwa hodi. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ikalitambua kanisa. Mwaka wa 1960, mwili wa Papa Simon Kimbangu ukarudishwa Nkamba. Watoto wa waamini waliofukuzwa katika shule za wengine wakapata shule za kanisa lao. Mwaka wa 1969 kanisa likapokelewa katika Baraza la Makanisa la Dunia, likiwa kati ya ya kwanza yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe kuingia humo. Diangienda aliongoza hadi alipofariki mwaka wa 1992, na ndugu yake Dialungana akachukua mzigo.

Nyumba moja iliongoza kwa namna tatu. Mmoja aliongoza kwa sauti, mwingine kwa kimya, mwingine kwa kalamu. Kama mama angetumia sauti, au mwana angebaki kujificha wakati mlango umefunguliwa, kazi ingeharibika. Lakini ujumbe haukubadilika. Neno tunalolishika hadi leo ni lile lile: Mapendo, Amri, Kazi.

KUBADILIKA SI KUGEUKA KINYONGA

Hapa tuweke mpaka, maana kuna mtu atakayesoma haya na kusema: "Vizuri, basi nitafuata kila upepo." Hapana. Haruni ndugu ya Musa naye alijua kubadilika. Musa alipokawia mlimani, watu walitaka mungu wa kuonekana, na Haruni akawatengenezea ndama wa dhahabu. Alifuata wakati, alisikiliza watu, na aliwapoteza.

Basi kuna njia mbili za kuanguka. Musa, siku ya Meriba, alishika njia ya jana, akaacha neno la leo. Haruni, chini ya mlima, aliacha neno ili kupendeza watu. Mwongozi ajiulize kila mara: ninachotaka kubadili ni namna ya kufanya kazi, au ni kazi yenyewe niliyotumwa? Namna inaweza kubadilika hata kila mwaka. Ujumbe haubadiliki. Dirikta anaweza kubadili saa za masomo kwa sababu watoto wanatoka mbali. Hawezi kuuza alama za mtihani kwa sababu "siku hizi ndivyo ilivyo". Mama wa likilimba anaweza kubadili siku ya mchango. Hawezi kubadili hesabu.

Wale wa barabara ya Goma wanajua mfano huu. Tarehe 22 Mei 2021 moto wa Nyiragongo ulishuka ukakata barabara yetu ya Rutshuru. Hakuna dereva aliyesimama mbele ya mawe akisema, "Barabara yangu ilikuwa hapa chini, sitapita pengine." Mawe yalipopoa, njia ikafunguliwa juu yake. Goma ilibaki Goma, Rutshuru ikabaki Rutshuru. Mwendo ndio uliobadilika.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Kwanza, kubali kufundishwa na mtu usiyemtazamia. Musa alifundishwa na mgeni. Sisi tulifundishwa na wamama wa msitari wa maji. Mzee anayesema "Mimi niko kazini tangu miaka 20, huyu mtoto ataniambia nini?" ameanza kuwa kiziwi. Miaka 20 ya kazi ni mali kubwa, ikiwa kila mwaka ulikuwa na somo lake. Lakini kuna mtu mwenye mwaka mmoja tu wa kazi, ameurudia mara 20.

Pili, funga daftari kwa muda na kulihoji. Mara moja kwa mwaka kaa na wenzako, mwulizane: ni kitu gani tunafanya kwa sababu kinasaidia watu, na ni kitu gani tunafanya kwa sababu tulikifanya jana? Cha kwanza mkishike. Cha pili mkipime bila hasira. Na msiulizane ninyi wakubwa peke yenu. Waulizeni wanaoongozwa, kwa maana wao ndio wanaojua fimbo inapiga wapi.

Tatu, tengeneza Yoshua wako mapema. Katika Hesabu 27 Musa alimwomba Mungu mtu wa kuongoza baada yake, kusudi watu wasiwe kama kondoo bila mchungaji. Akamwekea Yoshua mikono mbele ya watu wote, yeye mwenyewe akiwa bado hai na mwenye heshima. Wengi wetu tunaficha kazi. Funguo ziko mfukoni mwetu, hesabu iko kichwani mwetu, tukiugua wiki moja kila kitu kinasimama. Huo si uongozi. Tena usimdai Yoshua afanane nawe katika kila kitu. Wewe ulipewa jangwa, yeye atapewa mto na miji.

TULIPORUDI NYUMBANI

Tumalize na jambo moja dogo, msije mkafikiri tumekwisha kujifunza.

Mwanzo wa mwaka wa 2025 makambi ya Goma yalipokwisha kutawanyika, wengi wetu tulirudi Kalengera. Tulirudi na mpango wetu wa kumi kumi, na fahari yake. Tukatangaza: kila nyumba kumi na mama wao! Wiki tatu mpango haukutembea. Nyumba hazikuwa tena karibu kama vibanda. Nyingine zilikuwa zimeanguka, wenyewe wanalala kwa jamaa. Asubuhi watu wote walikuwa mashambani kuokoa migomba na maharagi ndani ya majani marefu. Mama wa kumi aliweza kuzunguka hadi mchana na kukuta milango mitupu.

Tulianza kukasirika. "Kambini walikubali, hapa wamekuwa wavivu!" Ndipo mzee mmoja akacheka, akatuambia: "Washemasi, fimbo mmeinua tena?"

Tukashusha mkono. Sasa tunakutana na watu mashambani kwao, kila sehemu ya shamba na siku yake, tunalima nao saa moja, kisha tunaomba na kuulizana habari. Mama yule aliyefiwa na mtoto ndiye anayeongoza sehemu ya chini, kuelekea mtoni. Hatukumpa kazi hiyo ili kumfariji. Tulimpa kwa sababu anajua tofauti ya kuhesabu mtu na kumjua mtu, na tofauti hiyo tuliipata kwake kwa bei kubwa.

Hatujui mwaka kesho utaleta kazi gani. Tunajua tu kwamba mwamba utasimama mbele yetu tena, na watu watakuwa na kiu tena.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyewapa watu wako maji katika jangwa, utusamehe waongozi wako pale tulipoinua fimbo badala ya kusikiliza. Utupe masikio kila asubuhi. Utuachie Mapendo, Amri na Kazi bila kupunguza kitu, na ututoe kiburi cha jana. Uwafariji waliofiwa, na uwatunze waliobaki njiani. Amina.